Betri Hufia kwa Dada

Mara ya tano gari lilipokataa kuwaka, mfamasia hakushangaa tena, alichoka tu. Alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mkoba mapajani, akibonyeza kitufe cha kuwashia kwa kidole kilichokwisha kujua jibu. Taa za dashibodi zilimulika hafifu, kitu kikalia tik-tik-tik mbele ya magoti yake, halafu kimya. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mzee wa jirani, aliyekuwa akimwagilia maua yake kwa kopo, akasogea mpaka kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zao na kuuliza swali alilouliza kila mara.

"Taa ulizima, binti?"

Alikuwa amezima. Alikuwa amezima taa za mbele, taa za nyuma, taa ya ndani, redio na feni. Alikuwa amezunguka gari na kuvuta kila mlango kuhakikisha umefungwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimwamini tena, alikuwa amelipiga picha pande zote nne na kuzituma kwa mdogo wake. Huyu ni mwanamke aliyehesabu vidonge vya watu kwa miaka kumi na tisa bila kukosea hata kimoja. Dawa dukani kwake zilipangwa kwa herufi, na ndani ya herufi kwa tarehe ya kuharibika. Na sasa kila mtu, kuanzia mzee wa jirani hadi muuza maziwa, alikuwa akimweleza kwa upole kwamba taa za gari lazima zizimwe.

Akamjibu mzee kwamba alizima. Mzee akatikisa kichwa kama mtu asiyetaka kubishana na mgonjwa, akashauri wamwite muuza maziwa walisukume. Kwa mara ya tano mfamasia akamweleza kwamba gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata likisukumwa na mtaa mzima. Kisha akatoa simu na kuanza kutafuta teksi.

Jumatano ile haikuwa ya kuchelewa. Baba yao alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshalifunga la kulia kabisa, na la kushoto lilikuwa likielekea huko huko. Mwenyewe alisema anaona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafu. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji maisha yake yote, akisaka nukta zilizokosekana, na sasa hakuweza kusoma jina la sabuni. Daktari bingwa wa macho alikuja hospitali ile kwa nadra, na orodha ya wagonjwa wake ilifungwa saa moja na nusu, ukiwepo umo, usipokuwepo basi.

Teksi ilifika baada ya dakika arobaini. Walivuka mji mzima kumfuata baba, aliyeishi kwa binti yake wa pili, wakamkuta amekaa kwenye kiti nje ya lango, amevaa shati lake la kwenda mahali, ameshika bahasha ya vyeti kwa mikono miwili. Walipoingia hospitali ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Nesi wa mapokezi hakuwafokea. Aliwaonyesha tu daftari lililokwisha pigwa mstari chini ya jina la mwisho, akawaambia daktari atarudi baada ya wiki sita.

Baba alisema si neno; amezoea kuona manesi wawili mahali penye mmoja, wiki sita si nyingi. Mfamasia alitamani angekasirika. Kukasirikiwa kungekuwa rahisi zaidi.

Aliyekasirika alikuja saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, walipokuwa bado wakingoja kuandikiwa tarehe mpya. Mdogo wake alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwepesi wa kucheka, mwenye rangi za watoto kwenye kucha na makombo ya biskuti kila mahali alipokaa. Siku hiyo hakuwa na kicheko. Alimwamkia dada yake kwa kifupi, akamkalisha baba vizuri kwenye benchi, kisha akamvuta dada yake pembeni, karibu na bomba la kunawia mikono, akampa vidonge vyake.

Gari lile walilinunua pamoja miezi minne iliyopita, hasa kwa ajili ya baba. Lilikuwa limetumika lakini zuri, la kisasa kuliko yote waliyowahi kupanda: ufunguo hauchomekwi popote, ukiwa nao mfukoni milango inakutambua na injini inawaka kwa kitufe. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake. Walikubaliana kwamba Jumapili baada ya chakula cha mchana kwa mwalimu, dada mkubwa analichukua. Jumatano asubuhi anakwenda nalo kumpeleka baba kliniki, kisha analiacha kwa mdogo mpaka Jumapili nyingine. Hakuna aliyelitumia kwenda kazini. Duka la dawa lilikuwa mwendo wa dakika saba kwa miguu kutoka kwa dada mkubwa, na shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwa mdogo. Kwa hiyo pande zote mbili gari lilisimama tu, siku mbili hadi nne, likingoja.

"Kwangu haliumwi, dada," mwalimu alisema, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watu. "Linakaa tangu Jumatano mpaka Jumapili, nikiligusa linawaka. Likija kwako linakufa. Gari ni lile lile. Betri ni ile ile. Unataka nifikiri nini?"

Mfamasia alijaribu kutaja picha alizotuma. Mwalimu akasema picha hazimpeleki mtu hospitali. Kisha akasema kuanzia leo gari litakaa kwake moja kwa moja mpaka baba apasuliwe, na kama dada ana shida ya kutoka apande teksi, ameshaijua njia yake.

Yeye ndiye mkubwa. Aliwahi kumfunga mdogo wake nepi, kumwosha, kumsaidia hesabu. Alisimama pale karibu na bomba, akatikisa kichwa kukubali, na tangu utoto hakuwahi kujiona mdogo namna ile.

Na haikuwa kwamba hajahangaika. Betri ilipokufa mara ya kwanza alimwita fundi wa pale kona, mtu mchangamfu ambaye mtaa mzima ulimwita Hakuna Shida kwa sababu hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, hata injini ikiwa inafuka moshi. Hakuna Shida alifungua boneti, akagonga betri kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikitimaji, akasema imezeeka. Ikawekwa mpya. Baada ya wiki mbili ile mpya nayo ikafa. Hakuna Shida akaja na waya, akaazima moto kwenye gari lake, gari likawaka, akasema sasa tatizo ni altaneta, haichaji. Wakaipima altaneta, ilikuwa inachaji vizuri kabisa. Basi ni redio. Akaichomoa redio na kuondoka nayo kwenda kuichunguza, na gari likafa bila redio. Mara ya nne alisimama mbele ya boneti iliyo wazi kwa muda mrefu, mikono kiunoni, kisha akamgeukia mfamasia na kumuuliza, kwa heshima zote, kama ana hakika anazima taa.

Siku ile mfamasia aliingia ndani na kufunga mlango bila kumuaga.

Basi gari likawashwa kwa waya, likahamia kwa mwalimu. Kila alipolijaribu jioni, mwalimu alituma ujumbe wa neno moja: Limewaka. Siku ya pili, limewaka. Siku ya tano, limewaka. Huenda hakukusudia ubaya. Huenda alitaka kumtoa dada yake wasiwasi. Lakini mfamasia aliusoma kila ujumbe akiwa amesimama kati ya rafu za dawa, na kila mara alihisi kama amewekewa kidole usoni. Mteja mmoja alimuuliza kama anaumwa. Siku ya kumi, gari likiwa limekaa siku nne mfululizo bila kuguswa, ulikuja ujumbe mrefu kidogo: Limewaka mara moja tu nilipobonyeza.

Angeweza kuliachia hapo. Gari lilikuwa zima, baba alikuwa na tarehe mpya, na watu wangemsahau. Lakini hakuwa mtu wa kuacha chupa bila lebo. Kama ni yeye anayeliua lile gari, alitaka kujua analiua kwa kitu gani. Jumamosi alikwenda kwa mwalimu, akaomba gari kwa nusu siku, akaapa kulirudisha kabla ya saa kumi. Mwalimu alimwangalia kidogo, kisha akasogea kando ampishe.

Akalipeleka kwa fundi wa umeme wa magari ambaye mteja mmoja wa duka la dawa, dereva wa lori, alikuwa amemsifia. Huyu aliitwa Kimya. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na gereji yake ilikuwa safi kuliko alivyotarajia. Alimsikiliza mfamasia kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, na alipomaliza hakumuuliza habari za taa. Kwa hilo peke yake mfamasia alikaribia kutokwa machozi.

Kimya alimweleza kwa ufupi anachotaka kufanya. Gari likizimwa halilali hapo hapo. Kompyuta zake zinabaki macho kidogo, kisha zinasinzia moja moja, mpaka kinachobaki ni saa na kengele ya wezi, vitu vinavyolamba moto kidogo sana. Ikichelewa mojawapo kulala, au ikiwepo isiyolala kabisa, hiyo ndiyo inayomaliza betri. Akachukua ufunguo wa gari, akaupeleka ndani ya chumba chake cha vipuri, akarudi na mita yenye mdomo kama koleo unaokamata waya bila kuukata. Akaukamatisha kwenye waya mkubwa wa betri, akabana vitasa vya milango kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, akavuta kigoda akaketi. Mfamasia naye akapewa kigoda. Wakakaa wakitazama namba ya moto unaoliwa, kama watu wawili wanaongojea chai ichemke.

Namba ilianza juu, ikashuka, ikasita, ikashuka tena. Baada ya nusu saa ilisimama kwenye sifuri nukta sifuri mbili na haikutikisika.

"Limelala," Kimya alisema. "Hili gari halina ugonjwa."

Mfamasia alimwambia kwamba hakuja kuambiwa gari ni zima. Watu wanane walishamwambia gari ni zima. Betri mbili zimekufa mlangoni kwake, baba yake amekosa kupasuliwa jicho, mdogo wake anamwona kama mtoto asiyeweza kuachiwa kiberiti, na yeye anazima taa. Anazizima kila mara. Hajawahi kutozizima.

Kimya alimwacha amalize. Kisha akauliza swali moja: linaugulia wapi? Nyumbani kwangu, mfamasia alijibu. Basi, Kimya alisema, tukaliangalie likiwa linaumwa. Mgonjwa huwezi kumpima homa siku ambayo hana.

Mwalimu alipoombwa gari litoke tena, safari hii kwa siku moja nzima, alikubali kwa sharti kwamba hiyo ndiyo iwe mwisho. Jumatatu, mfamasia alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea ila labda kwa msiba, akaliingiza gari ndani ya ua wake. Ua ulikuwa mwembamba. Ili lango lifunge, gari lilipaswa kubanwa kabisa kwenye ukuta wa nyumba, chini ya dirisha la sebule, kiasi kwamba mlango wa upande ule haukufunguka zaidi ya kiganja. Kimya alifika na begi lake, akafanya yale yale: mita kwenye waya, bisibisi kwenye vitasa, kigoda. Mfamasia aliingia ndani kumtafutia maji ya kunywa, akatoka, akaketi.

Namba ilishuka. Ikafika sifuri nukta sita, ikakaa.

Wakangoja nusu saa. Wakangoja dakika arobaini. Ilikuwa hapo hapo kwenye nukta sita, mara inaruka kidogo, mara inarudi, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Halilali," Kimya alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na uhai. Akamweleza kwamba kwa kiasi kile, siku mbili na nusu zinatosha kabisa kuimaliza betri ambayo haikujaa sawasawa.

Mfamasia aliinama kusoma namba yeye mwenyewe. Mambo ya nukta aliyajua. Kati ya sifuri nukta sifuri mbili na sifuri nukta sita kuna tofauti ya mara thelathini, na katika kazi yake tofauti ya namna hiyo huua mtu. Kwa hiyo hakuwa mwendawazimu. Kitu kilikuwepo. Alitaka kumpigia mdogo wake pale pale, lakini Kimya alikuwa ameshafungua kisanduku cha fyuzi na kuanza kuzipima moja moja bila kuzing'oa, akigusa migongo yake kwa ncha mbili nyembamba. Taa, hakuna kitu. Feni, hakuna. Vioo vya madirisha, hakuna. Alipofika safu ya chini alirudia fyuzi moja mara mbili, akasoma kibandiko cha mfuniko, akavua miwani na kuifuta.

Akauliza ufunguo uko wapi.

"Mahali pake," mfamasia alisema.

Mahali pake ni wapi, Kimya akauliza. Mfamasia akainuka na kumwonyesha kupitia dirishani. Siku ile ile gari liliponunuliwa alipigilia ndoano ya shaba ukutani, kando ya dirisha la sebule, ili ufunguo usipotee. Kila alipoingia ndani aliutundika hapo. Hakuwahi kuuweka mezani, wala kuusahau mkobani, wala kuutafuta. Hata leo, alipoingia kufuata maji, mkono wake ulikuwa umeutundika wenyewe bila kumwuliza. Kutoka kwenye ndoano mpaka mlango wa gari hazikufika hatua mbili.

Kimya alitazama ndoano, akatazama gari, akauliza betri ndogo ya ndani ya ufunguo ilibadilishwa lini. Mwezi uliopita, mfamasia alijibu, na mwezi mmoja kabla ya huo. Na ya ufunguo wa mdogo wake? Haijabadilishwa kamwe. Alilijibu hilo la mwisho taratibu, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa, na hakupenda anakoelekea.

Gari la namna hii, Kimya alimweleza, linamtafuta mwenye ufunguo. Likiuhisi karibu linaamka: mwenyewe anakuja. Asipokuja linaendelea kumngoja, linauita ufunguo, ufunguo unajibu. Kwa mwalimu, mfamasia akakumbuka mwenyewe, ufunguo unalala ndani ya mkoba chumba cha nyuma, na gari liko nje ya ua. Kwake yeye Kimya, funguo za wateja hukaa kwenye kopo la bati ndani ya chumba cha vipuri. Lakini hapa gari na ufunguo vinapiga soga mchana na usiku kupitia dirishani, na vyote viwili vinakwisha nguvu.

Mfamasia alisema hawezi kuamini kitu kwa kuambiwa. Alitaka kuona. Akautoa ufunguo kwenye ndoano, akatoka nao nje ya lango, akavuka barabara, akasimama. Baada ya dakika chache Kimya akamwashiria kwa mkono kwamba namba imeshuka. Akarudi mbio kuiona, alipofika imeshapanda. Akaenda tena, akarudi, ikapanda tena. Mara ya tatu alisimama katikati ya barabara akiwa na ufunguo mkononi na hasira mpaka kooni, kwa kuwa alichotaka kukiona kilikuwa kinakimbia kila akikisogelea, na kilichokuwa kinakifukuza ni yeye mwenyewe.

Mzee wa jirani, aliyekuwa akitazama haya yote kutoka kwenye ukuta wake, akauliza kama anaweza kusaidia. Mfamasia akamkabidhi ufunguo na kumwomba atembee nao hadi kwenye nguzo ya umeme, asimame hapo. Mzee aliupokea kwa mikono miwili na kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyetumwa na serikali. Mfamasia akaketi mbele ya mita. Nukta sita. Nukta tatu. Nukta moja. Halafu, baada ya kukawia kidogo, sifuri nukta sifuri mbili, ikatulia.

Alitazama ile namba kwa muda mrefu. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba mara ya tatu, lakini mzee alikuwa amekutana na mtu pale kwenye nguzo na alikuwa akimsimulia kazi aliyopewa, ikabidi Kimya aende mwenyewe kumwita.

Mtu angedhani atafurahi. Hakufurahi. Kimya alipokuwa akifungasha begi lake, akimweleza kwamba betri imeumizwa kwa kufa mara nyingi lakini akiichaji taratibu siku nzima itaendelea, mfamasia alikuwa akiitazama ndoano. Angekuwa mzembe, ufunguo ungekuwa chini ya kochi huko ndani, au kwenye mfuko wa kanzu, au umesahaulika dukani, na gari lingelala usingizi wake. Makombo ya biskuti ya mdogo wake hayakuua betri. Ni unadhifu wake ndio uliomnyima baba yake jicho kwa wiki sita. Alijaribu kumtafuta wa kumlaumu. Akamfikiria aliyeuza gari, ambaye hakuwapa hata kitabu cha maelezo. Akamfikiria Hakuna Shida, na redio yake ambayo mpaka leo haijarudi. Lakini kila mmoja alimfikisha kwenye ukuta ule ule, kando ya dirisha.

Alimpigia mdogo wake kabla hajabadili mawazo. Kwa sekunde kadhaa alikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni: hitilafu ya umeme, fundi amerekebisha. Ungepita. Mwalimu asingeuliza zaidi.

"Ni mimi," alisema badala yake. "Siyo taa. Ni ufunguo. Nautundika karibu mno, gari halilali."

Akamweleza yote, ndoano, mita, mzee kwenye nguzo. Upande wa pili zilisikika kwa mbali sauti za watoto wa shule ng'ambo ya barabara, wakichukuliwa na wazazi wao. Mfamasia akajiandaa kuchekwa. Alijua angechekwa; yeye mwenyewe, kama aliyekosea angekuwa mdogo wake, angemcheka.

"Mimi nilifikiri ni taa," mwalimu alisema hatimaye. "Nikakusema pale hospitalini. Na haikuwa taa. Nisamehe kwa hilo, dada."

"Na mimi nisamehe kwa lililobaki."

"Lililobaki mwambie baba."

Akampa baba simu. Baba alisikiliza, akauliza swali moja la kitaalamu, kwamba je, ufunguo ukifungwa ndani ya kopo la bati gari linausahau, na alipoambiwa ndiyo, alisema basi kuna makopo mengi duniani. Hakusema zaidi. Mfamasia alisema samahani, baba, na baba akasema ameshasikia, asirudie mara ya pili kwani yeye ni mpofu, si kiziwi.

Wiki sita zikaisha. Jumatano ya miadi, dada wawili walimfikisha baba hospitali kabla ya saa moja, mfamasia akiendesha, mwalimu akiwa nyuma na baba, amemshika mkono. Njiani hawakuzungumzia gari hata kidogo. Jina la baba lilikuwa la tatu katika orodha. Nesi alimchukua, wakabaki wawili kwenye benchi, mfuko wa nguo za baba katikati yao, na muda ukaenda kama unavyokwenda hospitalini, ukijikokota.

Saa tano nesi alitoka na kusema imekwenda vizuri, anapumzika. Akawapa chupa tatu ndogo za dawa za matone na karatasi ya maelezo iliyoandikwa harakaharaka: moja mara nne kwa siku, nyingine kila saa mbili, ya tatu usiku tu, na zipishane kwa dakika tano. Mwalimu aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena. Baba angekaa kwake. Yeye ndiye angezitia.

"Dada," alisema, akimsogezea chupa zote tatu, "nipangie. Saa na dawa, zote, kama unavyowapangia watu wako. Nitabandika kwenye friji."

Mfamasia alitoa kalamu mkobani. Alikuwa amefika mstari wa tatu alipoinua macho na kumwona mdogo wake amefungua chupa moja na kuijaribu kwenye kiganja, ncha ya chupa ikigusa ngozi. Alifumba macho kidogo, akajikaza, kisha akamwambia kwamba ncha ya dawa ya jicho haigusi kitu chochote, kamwe, na sasa chupa hiyo imeharibika, itabidi waombe nyingine. Mwalimu akaitazama chupa, akamtazama dada yake, akainuka kwenda kumtafuta nesi.

Mfamasia akarudi kwenye karatasi. Akapiga mistari kwa ukingo wa kadi ya kliniki, akaandika saa kumi na mbili asubuhi, akaendelea.